Maneno Yaliyobaki Ukutani

Mwezi uliopita walikuja wageni wawili nyumbani kwangu, mwenyekiti wa kamati ya shule na mwalimu mmoja wa kike, kijana, wamebeba karatasi ndani ya bahasha. Niliwakaribisha sebuleni, nikawaambia wamwondoe paka kwenye kiti. Walikunywa chai vizuri, wakasifu maandazi, halafu mwenyekiti akaitoa ile karatasi kwa mikono miwili. Shule mpya ya sekondari kule kwetu Igoma itaitwa kwa jina la Mzee Khalfani, akasema, na kwenye ukuta wa mbele wataandika maneno yake. Katika watu waliokuwepo uwanjani siku yalipotamkwa tumebaki wawili, mimi na Yohana, na Yohana masikio yake siku hizi yanamsumbua. Wanachotaka ni nithibitishe tu kama yako sawa. Nikavaa miwani. Yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa: "Mlima huu haukuzaliwa na matuta." Nilikaa kimya mpaka yule mwalimu akadhani sioni, akaanza kunisomea. Nikamwambia naona, mwanangu, naona vizuri. Nikawaambia maneno ni yake, ndiyo, na nilikuwepo, ndiyo. Lakini miezi mitano baadaye, kwenye uwanja ule ule, alisema mengine, na hayo mengine ndiyo aliyoyashikilia mpaka anaingia kaburini. Mwenyekiti akanipa tabasamu lile tunalopewa sisi wazee. "Bibi," akasema, "ukuta wenyewe mdogo." Wakamaliza chai, wakaniomba nije siku ya ufunguzi, wakaondoka na bahasha yao.

Sura hii naiandika kwa sababu ya ukuta huo. Habari za wazazi wangu na za shule ya misheni nimekwisha kuzieleza, sitazirudia. Mwaka ninaousema ulianza mwezi wa Septemba, miaka minne kabla ya uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini, nashona kwa cherehani kwenye kibaraza cha duka la Bwana Abdala mjini Mbeya, na najiona nimefika. Kule kilimani kwetu kulikuwa na jambo moja tu midomoni mwa watu, nalo ni matuta. Serikali ya Waingereza ilikuwa imetoa amri kwamba kila mwenye shamba la mteremkoni alime matuta yanayoukata mlima kwa upana, ili mvua isibebe udongo. Bwana Shamba alipita na kamba na vigingi, akipima. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo, na migongo iliyovunjika ilikuwa ya wanawake, maana jembe kwetu lilikuwa la mwanamke. Asiyelima matuta kabla ya mvua anaitwa barazani kuhukumiwa, na kutoka barazani ni jela. Hakuna aliyeelezwa kwa nini. Tuliambiwa tu: limeni.

Ndipo alipokuja Mzee Khalfani kutoka Iringa. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, na sauti ambayo hukuelewa ilikuwa inakaa wapi katika mwili ule. Babu yake alitoka pwani enzi za misafara, yeye mwenyewe alizaliwa Iringa na kuuza nguo huko, na sasa alikuwa anazunguka nyanda zetu akisema kwa niaba ya chama kilichodai uhuru. Alifikia kwa Bwana Abdala. Mchana ule tulipika pilau, wanaume wakala mkekani uani, sisi tukakaa jikoni tukisikiliza. Kulikuwa na tatizo. Kesho yake kulikuwa na mkutano Igoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani hasa, kitamu, lakini watu wa kilimani, wanawake zaidi, hawakijui. Mwinjilisti aliyeahidi kutafsiri alikuwa amepatwa na homa ya ghafla. Aina ile ya homa sote tuliijua. Mzee Khalfani akainua sauti kuelekea jikoni: "Humo ndani hamna hata mmoja anayejua Kisafwa na Kiswahili sawasawa?" Mke wa Bwana Abdala akanisukuma mgongoni, nikatokeza mlangoni mikono imejaa unga. Akanitazama. Akaniuliza jina. "Tabita," nikasema. "Tabita, mwanangu, unaogopa watu?" Nikasema siogopi. Nilidanganya.

Uwanja wa Igoma ulijaa siku ile. Nilisimama kando yake, yeye akisema sentensi moja na kunyamaza, mimi nikiitoa kwa Kisafwa. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa haifiki hata safu ya tatu, lakini kadiri watu walivyoitikia ndivyo ilivyopanda, mpaka nikaanza kufurahia. Alipofika pale pa matuta alinyoosha mkono kuuonyesha mlima, akasema maneno yale. Mlima huu haukuzaliwa na matuta. Babu zenu waliukalia ukawalisha, bibi zenu waliulima ukawalea, leo nani kaja kuwafundisha mgongo wake? Nikayatafsiri, na kwa lugha yetu yalitoka vizuri zaidi ya yalivyoingia. Wanawake walipiga vigelegele. Mbele kabisa alikaa shangazi yangu Sara, amenyoosha miguu, jembe lake limelala mapajani, akicheka kwa meno yote aliyokuwa nayo. Hakuwa anamtazama Mzee Khalfani. Alikuwa ananitazama mimi.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana ndilo lililonifunga. Mtu akibeba neno la mwingine, liwe la posa, la msiba au la ugomvi, akalifikisha, basi yeye ndiye mwenye neno. Aliyelituma yuko mbali, humjui, pengine hata lugha yake huijui. Aliyelitia masikioni mwako ndiye utakayemuuliza. Na likigeuka, halifutwi kwa kutangazwa uwanjani. Aliyelileta atatembea kwa miguu yake nyumba kwa nyumba, kila mlango uliolisikia, abishe hodi, akae, apewe chakula aonje, ndipo aseme: nimekuja kulichukua neno langu. Akishaonja na kusema, limetoka katika nyumba ile. Asipopewa chakula, halijatoka. Hayo niliyajua tangu utotoni. Siku ile sikuyakumbuka hata kidogo, nilikuwa mtu mkubwa mno.

Shangazi alinishika mkono mkutano ulipokwisha. "Basi silimi," akasema. "Umesema mwenyewe." Nikamwambia si mimi niliyesema, ni yule mzee. "Yule simjui," akasema Shangazi, "na alichokuwa anasema sikukisikia." Tukacheka wote wawili. Nikala viazi na njegere kwake, nikashuka mjini nikiwa nimeshiba na nimesifiwa, na wiki ile ile Mzee Khalfani akamwomba Bwana Abdala aniruhusu niende Iringa. Sababu yake ilikuwa ya kweli. Yeye alisoma chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi hizo hizo. Lakini barua za chama zilikuja kwa herufi za shule, na makarani wa serikali hivyo hivyo. Alihitaji mtu wa kumsomea na kumwandikia, na mkewe alihitaji mtu wa cherehani. Basi lilituchukua siku nzima na nusu ya siku ya pili, vumbi mpaka kwenye kope.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya msikiti, vyumba vinne na ukumbi katikati, bati juu na hakuna dari. Ukitaka siri katika nyumba isiyo na dari inabidi utoke nje, kwa sababu kuta zinaishia hewani na maneno yanapita juu yake kama moshi. Bi Zuhura, mkewe, alinipa kitanda cha kamba kwenye chumba cha majora ya nguo, nikawa nalala katikati ya marekani na kaniki. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mwepesi pia wa kukasirika, na alimwita mumewe Baba Saidi hata alipokuwa anamgombeza. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kwa vitumbua vya mchele wa Usangu. Wahehe waliopita kununua nguo walitusalimu "kamwene" nasi tukawaitikia hivyo hivyo kwa matamshi yetu mabaya. Nilikuwa na furaha katika nyumba ile, lazima niseme, na ndiyo furaha inayoniuma zaidi nikiikumbuka, kwa kuwa nilijua mvua inakaribia na Shangazi halimi.

Mezani pale ndipo nilipojifunza jinsi maneno yake yalivyotengenezwa. Alikuwa akiyajaribu asubuhi, kikombe mkononi. Anasema sentensi, anamtazama Bi Zuhura. Akikunja uso, anaibadilisha. "Hiyo ina uzito mwishoni, ipunguze," Bi Zuhura anasema huku anageuza vitumbua. Siku moja niliuliza kama ile ya mlima nayo ilipikwa hapo hapo. "Ile?" akasema Bi Zuhura. "Ile alisema kwanza mlima haukuumbwa na matuta, nikamwambia haukuzaliwa ni tamu zaidi." Mzee Khalfani akacheka mpaka chai ikamwagika. Nami nikacheka. Leo nikiwa peke yangu huwa naifikiria asubuhi ile, watu watatu wanacheka juu ya neno moja, na kule Igoma watu wameliweka neno hilo mahali pa jembe. Hakusema uongo, nataka nieleweke. Hakuwa amewahi kulima mteremkoni, na alichochukia kwa dhati ni watu kulazimishwa. Lakini sentensi haikusema habari ya kulazimishwa. Ilisema habari ya mlima, kwa sababu ilisikika vizuri zaidi.

Mvua ilikuja Desemba na kuzidi Januari. Mzee Khalfani alikuwa na shamba la mahindi upande wa Kalenga, kwenye kilima kinachotazama mto, lililokuwa linaangaliwa na shemeji yake. Naye, bila shaka, hakuwa amelima matuta, angewezaje? Baada ya mvua ya siku mbili mfululizo shemeji alituma habari, tukaenda sote watatu kwa lori la mchanga. Sikuwa nimewahi kuona kitu kile. Katikati ya shamba palikuwa na korongo lililomfika mtu kiunoni, mahindi yamelala na mizizi yake juu, na mto chini umekuwa mwekundu. Jirani yake, mzee mmoja wa Kihehe aliyeogopa jela kuliko alivyoogopa aibu, alikuwa amelima matuta. Mahindi yake yalisimama wima, yamelowa tu. Yule jirani hakutucheka. Alitoka na kikapu cha mahindi mabichi akatupa. Mzee Khalfani alikipokea, akachuchumaa pembeni ya korongo na kanzu yake nyeupe, akatia mkono kwenye udongo na kuushika muda mrefu.

Siku tatu baadaye ilikuja barua kutoka Mbeya. Aliniita ukumbini nimsomee, kama kawaida, Bi Zuhura yuko pale anachambua mchele kwenye ungo. Nikaanza. Katibu wa chama wa Mbeya alitusalimu sana, akasema hali ni ngumu. Bwana Shamba alipita Igoma na askari, wale waliokataa matuta wakapelekwa barazani, na walipoulizwa kwa nini, wakajibu mlima haukuzaliwa na matuta. Walijibu hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Watu kumi na mmoja wamefungwa miezi miwili. Majina yakafuata, nikayasoma. La nne lilikuwa la Yohana, kijana tuliyesoma naye misheni. La saba lilikuwa la Shangazi. Nililisoma kwa sauti ile ile niliyosomea mengine, nikaendelea la nane na la tisa, nikamaliza, nikasoma na salamu za mwisho. Kisha karatasi ikanidondoka. Bi Zuhura akaweka ungo chini. "Ni ndugu yako?" akauliza. Nikasema ni shangazi, aliyenilea. Alinivuta akanilaza begani kwake, nikalia, na Mzee Khalfani akatoka akasimama kibarazani bila viatu.

Asubuhi ya kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, niliwasikia chumbani mwao. Nimesema nyumba haikuwa na dari. "Nilikosea, Zuhura," alisema yeye. "Umekosea," alisema Bi Zuhura, "basi kosea kimya kimya. Wenzio wa chama watasema umehongwa. Waingereza watakubeba kwenye gari lao wakuonyeshe kwa watu. Na watu wenyewe watakuchukia kuliko wote." "Watu wako jela kwa sauti yangu," akasema mumewe, "halafu mimi nikosee kimya kimya?" Bi Zuhura akasema: "Sauti ilikuwa ya yule mtoto, Baba Saidi. Wewe utasema maneno yako na kurudi huku. Yeye ni wa kule kule." Nilikuwa nimekaa kati ya majora ya nguo nimeshika mdomo. Mpaka dakika ile sikuwa nimeliwaza jambo hilo, na tangu dakika ile sijaacha kuliwaza.

Tulirudi Mbeya Februari. Yote aliyoyatabiri Bi Zuhura yalitimia, moja moja. Katibu wa chama alimsihi anyamaze mpaka uhuru upatikane, ndipo aseme atakacho. Barabara ya kilimani ilikuwa tope, magari ya kukodi yamegoma, na gari pekee lililopanda siku ile lilikuwa la Bwana Shamba. Mzee Khalfani, badala ya kuahirisha, akapanda. Nilimwambia, "Mzee, tutembee." Akasema magoti hayawezi. Pengine hayakuweza kweli. Watu wa Igoma walimwona anashuka kwenye gari la serikali na koti lake jeusi, na nadhani mkutano uliishia pale pale, kabla hajafungua kinywa. Lakini alikifungua. Hakukuwa na sentensi tamu siku ile, hakuzijaribu asubuhi. Alisema: "Nilikosea. Kulazimishwa ni kubaya, na nitasema hivyo mpaka nife. Lakini matuta yenyewe ni mazuri. Nimeona kwa macho yangu. Limeni, kwa ajili yenu, si kwa ajili ya huyu." Akamwonyesha Bwana Shamba kwa kidole.

Kisha akanyamaza, akanigeukia. Ilikuwa zamu yangu. Niliona ninaweza kupunguza. Ningeweza kusema kwamba mzee anawapa pole, kwamba mzee anaomba tufikirie, na hakuna ambaye angejua. Nilisema kama alivyosema, neno kwa neno, na kwa Kisafwa yalikuwa makavu zaidi kuliko yalivyokuwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyemtazama yeye. Wote walinitazama mimi, na mama mmoja wa nyuma, mke wa mmojawapo wa wale kumi na mmoja, akaniuliza kwa upole kabisa: "Tabita, wamekupa nini?" Sikumtafsiria Mzee Khalfani swali hilo. Aliniuliza mama anasema nini, nikamwambia anakupa pole ya safari.

Yeye alirudi Iringa. Mimi nilibaki, nikaacha cherehani, nikaanza kutembea. Nyumba kwa nyumba, siku zote zilizobaki za Februari na nusu ya Machi, mvua inanyesha, mlango kwa mlango wa wote waliokuwepo uwanjani siku ile ya Septemba. Katika nyumba nyingi walinipa chakula. Wengine walinipa kwa hasira, ugali wa ulezi uliopoa na mboga haina chumvi, lakini walinipa. Nikaonja, nikasema nimekuja kulichukua neno langu, wakasema haya, lichukue. Yohana alipotoka jela nilikwenda kwake siku ya pili. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa. Alinipa kiazi kimoja cha moto, akanitazama ninavyokimenya, akasema: "Maliza chote." Nilimaliza chote. Ndivyo tulivyosameheana, sijui kama yupo aliyewahi kunisamehe vizuri zaidi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Shangazi Sara. Alitoka jela siku moja na Yohana, lakini kwake nilichelewa siku tatu kwa makusudi, maana niliogopa. Nilipopanda njia yake nililiona shamba kwanza. Robo tatu lilikuwa limeshuka na mvua, limebaki jiwe jeupe na udongo mwembamba kama ngozi ya mtu mgonjwa. Shangazi alikuwa ndani, amejifunika blanketi, anakohoa kikohozi alichotoka nacho kule. Chungu kilikuwa mafigani, maharage yanachemka, naisikia harufu yake mpaka leo. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikakaa. Tulizungumza habari za jela, jinsi walivyokuwa wanalala wanawake watano kwenye mkeka mmoja. Alinisimulia kama mtu anayesimulia safari. Nikangoja anipakulie. Hakupakua. Nikangoja tena. Mwishowe nikasema, "Shangazi, nina njaa."

Akajua. Alikuwa amejua tangu hodi. "Hakijaiva," akasema. Maharage yalikuwa yanapasuka kwenye chungu. Nikamwambia, "Shangazi, tafadhali. Yule mzee alikosea, na mimi nikalibeba kosa lake nikakuletea. Shamba umeliona. Nipe kijiko kimoja tu." Alinishika mkono, kama alivyonishika ile Septemba, mkono wake umekuwa mwepesi. "Tabita," akasema, "nikikupa ule, mimi nilifungwa bure." Tulikaa hivyo mpaka mchana ukageuka na maharage yakaungua chini, na hakuna aliyenyanyuka kuyatoa. Alikufa Julai, wakati wa baridi kali. Wiki nne za mwisho nilimlisha mimi, kwa mkono wangu, na kila nilipomlisha alihakikisha sionji.

Mzee Khalfani niliendelea kumtembelea Iringa kwa miaka mingi. Chama kilimweka kando, kisha uhuru ulipokuja kikamkumbuka tena, kikamkumbuka kwa sentensi ile moja. Serikali yetu wenyewe ikaja kuhimiza matuta, na sikukuu zikifika watu wanampandisha jukwaani aseme mlima haukuzaliwa na matuta, na hakuna aliyeona tatizo. Kila mara alijaribu kueleza. Mara ya mwisho nilimkuta amelala kitandani, Bi Zuhura ameshatangulia, akaniambia watu wa redio walikuja, akawasimulia yote, la kwanza na la pili na korongo la Kalenga. Akasikiliza siku waliyotangaza. "Walilitoa la kwanza tu, Tabita," akasema. "Sauti yangu mwenyewe. Nimejisikia nimelala hapa, nasema, nami siwezi kujinyamazisha." Nilimpangusa uso kwa kitambaa. Nilijua hali hiyo kuliko alivyojua yeye.

Basi juzi nimekwenda kwenye ufunguzi. Turubai, viti vya plastiki, muziki mkubwa, mgeni rasmi mwenye suti. Kwenye ukuta maneno yalikuwa yamepakwa rangi ya bluu, yanang'aa. Mshereheshaji aliniita mbele, akasema bibi yetu atatusalimia kwa lugha yetu ya nyumbani, ili wazee wafurahi, na yule mwalimu wa kike atatutafsiria. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema kwa Kisafwa, polepole, kwamba mtu huyu aliyasema maneno haya na baadaye akasimama hapa hapa akasema alikosea. Kwamba lile la pili lilimgharimu zaidi na ndilo lililokuwa lake. Kwamba watu kumi na mmoja walifungwa kwa lile la kwanza, na mmoja wao alikuwa Sara, na mimi ndiye niliyemletea. Nilisema yote. Kisha nikanyamaza, nikamgeukia mwalimu. Aliutazama ukuta, akamtazama mgeni rasmi, akanitazama mimi. "Bibi anasema," akaanza, "tumshukuru Mungu kwa maisha ya Mzee Khalfani, aliyetufundisha tusikubali kuonewa." Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu. Nilitaka kumkasirikia yule mtoto, nikashindwa. Nikarudi kwenye kiti changu.

Yohana walikuwa wamemkalisha jirani na spika, kwa sababu ya masikio yake. Alikuwa amesikia. Alijikokota na fimbo yake akaja kukaa kando yangu, akainama karibu. "Umekuja kulichukua neno?" akaniuliza. Nikamwambia nimekuja. Akaugeukia ukuta, akautazama huku na huku, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Kwetu sote ulibisha hodi," akasema. "Hapa utabisha wapi?"

Nyuma ya ukuta, wanafunzi walikuwa wanatoka bustanini na majembe, matuta yao yamenyooka vizuri. Tukaitwa kwenye chakula. Nikaenda, nikala.